Ng'ombe aliyetishwa: homoni zinakwenda wapi, na nini hasa kinabaki

Kwenye mabucha ya Arusha na Moshi kuna usemi uliokaa kama sheria: ng'ombe akiogopa kabla ya kuchinjwa, homoni za hofu zinamwagika mwilini, zinaganda kwenye nyama, na mlaji anazila. Mitandaoni usemi huo umetiwa chumvi mpaka homoni zimegeuka sumu. Nusu yake ni kweli. Homoni humwagika, tena kwa kasi, lakini hazigandi. Kinachobaki kwenye nyama, kwenye kiwele na kwenye mimba ni matokeo ya kazi iliyofanywa na homoni hizo zilipopita, na hayo matokeo ndiyo yanayomtia hasara mfugaji na mwenye bucha. Asiyetenganisha mambo haya mawili hutafuta tatizo mahali ambapo halipo.

Tuanze na tezi yenyewe inayomwaga homoni hizo, maana wachinjaji huishika kila siku na kuitupa. Ukipasua mafuta yanayofunika figo ya ng'ombe, mbele kidogo ya figo kuelekea kichwani, utakuta kinundu cha kahawia chenye uzito wa gramu 10 hadi 20 hivi. Cha kulia kimejibana kando ya ule mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kimechongoka upande mmoja. Cha kushoto kimelala kirefu zaidi. Kikate katikati kwa kisu kikali. Utaona tabaka mbili bila kuhitaji darubini: ganda la nje lenye kahawia ya manjano, na kiini cha ndani cha kijivu. Hiyo ndiyo tezi adrenali. Kiini hutoa adrenalini na noradrenalini, ganda hutoa kotisoli. Sehemu kubwa ya damu inayofika kwenye kiini imepitia kwanza kwenye ganda, kwa hiyo imebeba kotisoli nyingi, na kotisoli hiyo ndiyo inayoamsha kimeng'enya kinachogeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Vitabu vingi huzieleza homoni hizi katika sura mbili tofauti. Ukishaikata tezi kwa mkono wako huwezi tena kuzitenga hivyo.

Adrenalini hukaa tayari imetengenezwa, imefungwa kwenye vifuko vidogo ndani ya seli, ikisubiri amri ya neva. Fimbo ikitua mgongoni, au geti la chuma likibamizwa, amri hufika kwa sekunde chache. Homoni humwagika kwenye mshipa mkubwa ulio jirani, hupita moyoni, na karibu dakika moja baadaye damu imeshaifikisha kwato hadi masikio. Moyo hupiga kwa nguvu, bandama hujikamua na kumwaga akiba yake ya chembe nyekundu, mishipa ya ngozi na ya tumbo hubana, na sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, yaani glaikojeni, huanza kuvunjwa. Lakini adrenalini huyeyuka kwenye maji, haina njia rahisi ya kupenya utando wa seli. Inagonga mlango kwa nje, seli inaitika, basi. Kuingia ubongoni nako ni kwa shida. Na haidumu: kila baada ya dakika 2 hadi 3 kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu, kwa hiyo mnyama akiachwa atulie, ile iliyomwagika mwanzo itakuwa imekwisha kabla ya nusu saa.

Kotisoli inafuata njia ndefu zaidi. Haina ghala. Hofu ikifika kwenye ubongo, sehemu yake ndogo iitwayo haipothalamasi hutuma ujumbe wa kikemikali kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo humwaga homoni ya ACTH kwenye damu. ACTH ikifika kwenye ganda la adrenali, ndipo kotisoli inaanza kutengenezwa kutokana na kolesteroli. Shughuli hiyo inachukua muda. Kwenye damu ya ng'ombe utaanza kuona ongezeko baada ya dakika 3 hadi 5, na kilele kati ya dakika 15 na 30. Hapa kuna somo kwa yeyote anayechukua sampuli: tangu mnyama alipoguswa hadi damu inapoingia kwenye sirinji usizidishe dakika 3. Ukimkimbiza zizini dakika 10 kisha ukachoma sindano, ulichopima ni mbio ulizomkimbiza.

Kwa kuwa kotisoli ni jamii ya mafuta, inapenya popote damu inapofika. Sehemu yake kubwa husafiri imeshikwa na protini za damu, na iliyoshikwa haifanyi kazi. Ile chache iliyo huru ndiyo inayoingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, na pamoja wanaingia kwenye kiini cha seli kuwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Ndiyo maana athari za kotisoli huja baada ya saa kadhaa na hukaa muda mrefu kuliko homoni yenyewe. Inaingia ubongoni, ambako huipa haipothalamasi taarifa kwamba imetosha, ipunguze. Inaingia kwenye mate na kwenye maziwa. Kwenye kondo la nyuma na kwenye figo kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa kotisoni, ambayo haina nguvu, kwa hiyo kijusi hakipokei dozi yote aliyonayo mama. Kotisoli iliyomo kwenye damu nayo huondoka, ingawa polepole kuliko adrenalini. Ini huivunja, mabaki hutoka kwa mkojo na kwa nyongo, na ya nyongo huishia kwenye kinyesi.

Sasa turudi buchani na kalamu. Ng'ombe aliyetulia ana nanogramu 2 hadi 10 za kotisoli kwenye mililita moja ya damu. Aliyesukumwasukumwa machinjioni hufika 40, 60, pengine zaidi. Tuseme nyama ina kotisoli nyingi sawa na iliyomo kwenye damu, jambo ambalo tunalikuza makusudi, na tuchukue 50. Anayekula nusu kilo atapata nanogramu 25,000, yaani miligramu 0.025. Mwili wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza wenyewe takribani miligramu 10 za kotisoli kwa siku. Nusu kilo hiyo ni sehemu moja ya 400. Adrenalini ndiyo kabisa: ikimezwa, utumbo na ini huiharibu kabla haijafanya lolote, ndiyo maana madaktari huichoma kwa sindano na hakuna vidonge vyake. Kwa hiyo anayekuambia usile nyama kwa sababu ya homoni za hofu, muombe hesabu.

Hasara ya kweli imo kwenye glaikojeni. Msuli wa ng'ombe aliyeshiba na kupumzika una akiba ya kutosha. Akishachinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na pH ya nyama, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka asidi ikiongezeka, hutoka karibu 7 hadi 5.4 au 5.6 ndani ya saa 24. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu mzuri, inayoilainisha, na inayozuia bakteria. Mnyama aliyetoka mnadani kwa miguu, akapandishwa kwenye Fuso, akasimama usiku kucha akipigana na madume asiyoyajua, adrenalini yake ilishakomba akiba yote kabla ya kisu. Asidi haipatikani. pH inagota juu ya 5.9, mara nyingine 6.3 au zaidi. Nyama inakuwa nyeusi, kavu juu, inanata kwenye kidole, na inaharibika haraka kwa sababu bakteria, wakikosa sukari, hushambulia protini moja kwa moja na harufu inatoka mapema. Wateja husema ni ng'ombe mzee au kibudu. Mara nyingi ni dume kijana mwenye afya aliyepigana usiku.

Tatizo la mji wetu ni kwamba nyama huchinjwa usiku na kuuzwa asubuhi ikiwa bado ya moto. Saa sita baada ya kuchinja pH haijamaliza kushuka, kwa hiyo nyama nzuri na mbaya zinafanana bado, na tofauti inaonekana jioni kwenye kile kilichobaki kwenye ndoano. Mwenye bucha anayetaka kujua anunue kipimo cha pH chenye ncha ya kuchoma, akisawazishe kila siku kwa maji ya pH 4 na pH 7, kisha akichome kwenye msuli mnene wa mgongo, kati ya mbavu za mwisho, sentimita 3 hivi ndani, saa 24 baada ya kuchinja. Asichome kwenye mafuta wala kugusa mfupa. Akifuta ncha kwa kitambaa chenye mafuta, kipimo kitaanza kudanganya ndani ya wiki.

Jinsi ya kuzuia si siri, ila inapingana na mazoea. Madume wa vikundi tofauti wasilazwe zizi moja. Hilo pekee lina uzito kuliko mengine yote, maana kupandana na kupigana pembe hukomba glaikojeni haraka sana. Maji yawepo tangu wanaposhuka garini. Watu wengi huamini kwamba kumlaza ng'ombe usiku mmoja machinjioni kunamrudishia nguvu. Kwa ng'ombe si kweli. Msuli wake hujaza akiba polepole, siku kadhaa, tena akiwa anakula vizuri. Usiku mmoja bila chakula haumrudishii kitu. Kwa hiyo kama kundi limeshachanganywa Meserani au Weruweru na wameanza kupigana, chaguo ni mawili tu: wachinjwe mapema iwezekanavyo, au warudishwe malishoni siku kadhaa wakiwa na wenzao waliowazoea. Njia ya katikati ndiyo mbaya kuliko zote mbili.

Kitimoto ni habari nyingine. Nguruwe hana tezi za jasho za kumsaidia, na anayefungwa nyuma ya bodaboda saa sita mchana kutoka Tengeru hadi mjini anafika akiwa anachemka. Kwake hatari kubwa ni msongo wa dakika za mwisho: adrenalini inavunja glaikojeni kwa kasi wakati huohuo anapochinjwa, asidi inajaa huku mwili bado una joto la karibu nyuzi 40, na protini za msuli zinaungua kwa asidi na joto pamoja. Matokeo ni nyama iliyopauka, laini kupita kiasi, inayotoa maji kwenye sahani na kusinyaa kwenye kikaango. Muuzaji analaumiwa kwamba kaongeza maji. Nguruwe, tofauti na ng'ombe, hufaidika na mapumziko mafupi: saa 2 hadi 3 kivulini, amwagiwe maji kidogo kidogo, asisukumwe tena mpaka zamu yake ifike.

Kuku wanaoshushwa Kilombero au Mbuyuni homoni yao kuu si kotisoli bali kotikosteroni, ingawa mfumo ni uleule. Kuwabeba vichwa chini kwa miguu, watano kila mkono, huipandisha zaidi kuliko kuwabeba wima. Matenga ni bora. Sina la kuongeza hapo.

Kwa wafugaji wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa, adrenalini inawagusa kila asubuhi. Maziwa mengi ya kwenye kiwele hayashuki yenyewe. Yanasukumwa na homoni ya oksitosini, inayomwagika dakika 1 hadi 2 baada ya chuchu kuguswa na kuoshwa, na nayo haidumu. Mbwa akibweka, mgeni akiingia bandani, au mkamuaji akimpiga teke ng'ombe, ubongo huzuia oksitosini isitoke, na adrenalini hubana mishipa ya kiwele ili hata ile iliyotoka isifike. Unakamua lita 2 unaambiwa ng'ombe "amebana maziwa". Hakuyabana kwa makusudi. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kausha, papasa chuchu, subiri kama dakika moja, kisha kamua mfululizo na umalize ndani ya dakika 5 hadi 7. Ameshtuka? Mwache dakika 20 hadi 30, urudi. Kuendelea kumvuta kunamzoesha kwamba kukamuliwa ni maumivu, na kwa mtamba wa uzazi wa kwanza mazoea hayo hubaki kipindi chote cha maziwa. Maziwa yaliyobaki kiweleni nayo yanapunguza utengenezaji wa kesho yake, na kama kuna vijidudu, yanavilisha.

Msongo ukijirudia kila siku ndipo neno kulundikana linapata maana, ingawa si homoni inayolundikana. Kila wimbi la kotisoli huagiza misuli ivunjwe ili ini litengeneze sukari. Huzuia chembe nyeupe za damu kujishika kwenye kuta za mishipa, kwa hiyo zinazunguka nyingi kwenye damu huku kiwele au pafu lenye vijidudu likizikosa. Daktari akiangalia damu kwenye kioo ataona aina moja ya chembe hizo, neutrofili, zimeongezeka na nyingine, limfosaiti, zimepungua, na asipokuwa makini atadhani ni maambukizi. Huzima pia lile wimbi la homoni linalopasua yai, hivyo ng'ombe anapita joto bila kulionyesha, au yai linachelewa na mbegu ya uhimilishaji inafika bure. Mawimbi yakipangana bila nafasi ya kupona, ganda la adrenali lenyewe hunenepa. Mwanasayansi Hans Selye alilieleza jambo hilo mwaka 1936 kwa panya: adrenali zilizovimba, tezi ya thaimasi iliyosinyaa, na vidonda tumboni, chochote alichowatesa nacho.

Cha ajabu ni kwamba mnyama wa namna hiyo ukimpima damu mara moja unaweza kukuta kotisoli ya kawaida kabisa. Mwili umejirekebisha, kilele kimeshuka, athari zinaendelea. Kupima damu mara moja na kutangaza kwamba zizi halina msongo ni kununua mbuzi kwenye gunia. Kotisoli hupanda na kushuka hata kwa saa za siku, na kwa wanyama wa mchana huwa juu asubuhi, kwa hiyo hata sampuli mbili za wanyama wawili hazilinganishwi kama moja ni ya saa moja asubuhi na nyingine ya saa kumi jioni.

Kabla sijaenda kwenye vipimo vyenyewe, neno kuhusu deksa. Deksamethasoni inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ni dada wa kotisoli aliyetengenezwa kiwandani, mwenye nguvu mara 25 hivi. Inachomwa ovyo kwa sababu ng'ombe aliyelala husimama na kula siku hiyohiyo. Lakini mwishoni mwa mimba, kotisoli ya ndama mwenyewe ndiyo inayofungua mlango wa kuzaliwa, na sindano ya deksa inaiga ishara hiyo: mimba inatoka, na kondo la nyuma mara nyingi linabaki. Inashusha maziwa pia, na inafunika dalili huku vijidudu vikiendelea kuzaliana. Kabla ya kuikubali uliza ng'ombe ana mimba ya miezi mingapi, na bwana mifugo asiyeuliza hilo mwenyewe, mrudishe getini.

Mahali ambapo homoni huacha alama ya kudumu ni kwenye nywele na manyoya. Nywele zinapokua, kotisoli kidogo kutoka kwenye damu hufungiwa ndani yake, kwa hiyo urefu wa unywele ni kumbukumbu ya wiki na miezi. Nyoa eneo, kwa mfano singa za mkia au bega, subiri miezi miwili au mitatu, kisha nyoa tena palepale karibu na ngozi, using'oe. Hizo mpya zinaeleza kipindi hicho tu. Zioshwe kwa isopropanoli ili kuondoa mkojo na kinyesi vilivyoganda juu, zikauke, zisagwe, ndipo kotisoli itolewe kwa methanoli. Asiyeosha anapima uchafu wa banda. Rangi nayo hubadilisha majibu, kwa hiyo linganisha nyeusi na nyeusi, nyeupe na nyeupe.

Kwa wanyamapori, ambao huwezi kuwakaribia na sirinji, kinyesi ndicho kinachotumika. Kule hifadhi ya Mikumi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba tembo majike waliobaki bila ndugu wa karibu baada ya ujangili walikuwa na mabaki mengi zaidi ya homoni hizi kwenye kinyesi, miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Kwenye hifadhi ya Tarangire, isiyo mbali na hapa Arusha, viwango vya tembo hupanda kiangazi. Kijana wa chuo cha wanyamapori cha Mweka au mtu yeyote anayetaka kufanya kazi hii ajue kwamba kinyesi hakisemi habari za sasa. Kwa ng'ombe na kondoo kinaeleza yaliyotokea takribani saa 12 zilizopita, kwa tembo siku moja hadi mbili. Chukua kilicho kibichi, ikiwezekana ndani ya nusu saa, kwa sababu bakteria huendelea kubadilisha mabaki. Pasua bonge, changanya ya ndani, epuka upande ulioguswa na mkojo wala usichote udongo. Weka kwenye kisanduku chenye barafu, na jioni kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika na sampuli ikayeyuka kisha ikaganda tena, andika hivyo kwenye lebo au uitupe. Wengi hunyamaza, na takwimu zao zinapinda bila mtu kujua sababu.

Maabara huchukua gramu 0.5 ya kinyesi kibichi, huongeza mililita 5 za methanoli ya asilimia 80, hutikisa, kisha huzungusha kwa nguvu mara 2,500 ya mvutano wa dunia kwa dakika 15 na kupima kimiminika cha juu. Kosa linaloharibu kazi nyingi liko hapa: kutumia vitendanishi vilivyotengenezwa kwa ajili ya kotisoli ya damu. Kwenye kinyesi cha wanyama wanaocheua kotisoli yenyewe haipo kabisa au imebaki kiduchu, vilivyopo ni vipande vilivyovunjwa na ini na bakteria, na kila jamii ya wanyama ina vipande vyake. Kwanza mchome mnyama wa jamii hiyo ACTH, kusanya kila kinyesi chake kwa siku mbili au tatu, na uone kama kipimo chako kinapanda na kushuka inavyotarajiwa. Kisipopanda, badilisha kipimo kabla hujaenda porini.